Mama Mkwe na Majumba ya Picha Yasiyo na Watu

Kwa miaka mingi, mahali pekee ambapo mimi na mama mkwe wangu tuliweza kukaa katika chumba kimoja palikuwa mbele ya picha. Nyumbani kwake Malakisi, nilipoingia sebuleni yeye alitoka kwa mlango wa jikoni. Tulipokutana kwenye njia ya kisimani, aliingia katika mahindi ya jirani akasimama humo mpaka nipite, nami nikapita nikiangalia viatu vyangu. Hakuwa na kinyongo nami. Kwao Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Kadiri anavyokupenda ndivyo anavyokukimbia. Mimi ni mtoto wa Wakikuyu wa Kachibora, na kwetu mama yangu humkumbatia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule mama aliyejificha kwenye mahindi alikuwa ananiheshimu.

Iliyotukutanisha ni mvua ya Kitale. Nekesa, mke wangu, alikuwa amepeleka mtoto wetu wa kwanza kliniki, na mama yake alikuwa amekuja kukaa naye siku chache. Mimi nilikwenda kuwachukua na pikapu yangu yenye viti vya nyuma. Nilifika nikampata mama mkwe amesimama nje peke yake, Nekesa bado yuko ndani kwenye foleni, na mvua ndiyo hiyo inaanza kumwagika. Nilimfungulia mlango wa gari. Akaangalia gari, akaangalia mawingu, akaona ni afadhali mawingu. Akashika barabara kwa mwendo wa kasi, kitambaa cha kichwa kimelowa, mpaka akafikia nyumba moja ya zamani ya mabati mekundu ambayo nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi bila kuuliza ni ya nini. Akaingia.

Nekesa akapiga simu. "Mama ako wapi?"

"Ameingia kwa nyumba fulani."

"Nyumba gani? Si umfuate na mwavuli, bana!"

Nikamfuata. Kumbe ile nyumba ilikuwa jumba la sanaa. Vyumba vitatu vya ukuta mweupe, picha zimetundikwa kwa nafasi, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga, na hakuna mtu hata mmoja isipokuwa mzee mmoja mlangoni anayesinzia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi refu katikati ya chumba, maji yakimdondoka, akitazama picha ya wanawake watatu wakipepeta maharagwe. Nikageuka nitoke.

"Kaa," akasema, bila kugeuza shingo. "Kaa kure mwisho. Angaria picha."

Nikakaa kule mwisho. Nikaangalia picha. Mvua ilipiga mabati, na sisi tukatazama wanawake wa maharagwe kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ibada.

"Huyu wa katikati anasengenya," akasema hatimaye, akiiambia picha.

"Ndiyo, mama," nikaiambia picha.

"Na huyu wa kushoto ndiye anasengenywa. Angaria venye amekaza shingo. Amesikia yote."

Nikatazama tena. Kweli, shingo ilikuwa imekazwa. Nikacheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka pia, kicheko kizito kutoka tumboni, ambacho sikuwahi kukisikia ila kwa mbali, kikitoka jikoni. Nilikuwa nimemwoa binti yake kwa miaka mitatu na ndiyo kwanza tulikuwa tunaongea.

Tangu siku ile, kila tuliposafiri, swali lake lilikuwa moja. Alikuwa na watoto na ndugu walioolewa na kuajiriwa kila upande, Eldoret, Nakuru, Kisumu, na mimi nilienda miji hiyo hiyo kuchukua chakula cha mifugo kwa ajili ya duka langu. Alipanda nyuma, kiti cha nyuma yangu hasa, ili nisimwone, na kioo cha ndani nilikigeuza juu kikaangalia paa. Nekesa alikaa mbele, naye ndiye aliyebeba maneno. "Mama anauliza, huko tunaenda kuna nyumba ya picha?" Nilijibu baada ya yeye kulirudia, ingawa wote watatu tulikuwa tumesikia swali. Halafu likaja la pili: "Mama anauliza, inajaa watu?"

Hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito. Mara moja tulimpeleka Nairobi, kwenye jumba kubwa ambalo kila mtu alituambia tusilikose. Tulikuta mabasi ya shule yamejipanga nje, na ndani watu wamesongamana kama siku ya mnada. Katika ujia mmoja mwembamba, kundi la wanafunzi lilitusukuma kutoka nyuma, nikajikuta bega langu liko inchi chache kutoka bega la mama mkwe wangu. Alitoa sauti ambayo sijui niielezeje, kitu kati ya kwikwi na sala, akainama, akapita chini ya mikono ya watoto wa watu, na tulimkuta nje chini ya mti akijipepea na karatasi ya kuingilia.

"Hiyo si nyumba ya picha," alimwambia Nekesa. "Hiyo ni stendi."

Jioni hiyo hiyo alituongoza mwenyewe, kwa kuuliza askari na wauza magazeti, mpaka kwenye jumba dogo juu ya duka la vitambaa, ambalo hata jirani zake hawakulijua. Lilikuwa na picha kumi na kitu na kiti kimoja. Yeye alichukua kiti, mimi nikasimama mlangoni, Nekesa akakaa chini, na tulikaa huko mpaka wakafunga. Nimefika sehemu nyingi nzuri na marafiki zangu huniuliza ninazijuaje. Najua kwa sababu mama mkwe wangu anatafuta mahali ambapo hatagusana nami.

Usidhani alikuwa mtaalamu. Kuhusu picha alikosea mara nyingi, na alikosea kwa ujasiri mkubwa. Huko Eldoret alimwita msimamizi, kijana mpole wa miwani, akamwambia wameitundika picha moja juu chini. Yule kijana akasema hapana, mama, ndivyo ilivyo. Mama mkwe akasema hata kipofu anaona ule ni mto na mto haukai mbinguni. Wakabishana mpaka kijana akaitoa ukutani na kumwonyesha sahihi ya mchoraji kwenye kona ya chini, na kumbe ule mto ulikuwa moshi. Mwingine angeona haya. Yeye alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta, akaomba msamaha kwa picha, si kwa kijana, na njia nzima ya kurudi nilisikia nyuma ya kiti changu, "Ati mto! Weh! Ati mto!"

Alipenda kusema kwamba yeye hapendi picha ambazo hazina watu. "Kama hakuna mtu ndani, nitaongea na nani?" Lakini katika jumba moja Kisumu kulikuwa na picha kubwa ya buluu tupu, haina mtu, haina nyumba, haina hata mstari, na ndiyo aliyokaa mbele yake muda mrefu kuliko zote nilizowahi kumwona akitazama. Nekesa alipomuuliza ameona nini, alisema, "Sijaona kitu. Rakini nimepumzika." Mwaka uliofuata alitaka kurudi kuiona. Tulipoambiwa imenunuliwa na kupelekwa ng'ambo, aliuliza kama walioinunua wana nafasi ya kukaa mbele yake, au wataiweka tu kwenye korido.

Alitudai ukimya ndani ya majumba hayo, akiweka kidole mdomoni mara tu tunapoingia, kisha ndiye aliyezungumza peke yake. Aliwasalimu walinzi kama wenye nyumba, akawauliza habari za watoto na kama wameshapanda. Alivaa mavazi ya kanisani, yale ya umoja wa akina mama, yenye kola iliyopigwa pasi ikasimama, na ndani ya mkoba huo huo wa kanisani alificha njugu za kuchemsha. Mahali pote paliandikwa usile. Alizila moja moja, akitafuna mbele tu ya picha alizoziona hazina shida, na maganda aliyarudisha mkobani. Nekesa alikuwa akiona aibu. Mimi nilifurahi kwa siri, kwa sababu kwao ni mwiko mimi na yeye kula pamoja, na ukihesabu kwa ukweli, pale kwenye benchi, kwenye ile ncha yangu, kila mara niliachiwa kirundo kidogo cha njugu juu ya karatasi. Hakuna aliyesema ni cha nani. Nilikila nikitazama ukuta.

Mama yangu, ambaye yeye na mama mkwe ni marafiki wakubwa na hupigiana simu kila Jumapili, hakuielewa kabisa heshima hiyo ya kukimbiana. Siku moja pale Kachibora alimwambia, "Si umsalimie tu huyu kijana, yaishe? Wazee wenu si wana njia ya kuondoa hiyo heshima?" Njia ipo, na wazee wa Malakisi walikuwa tayari. Mama mkwe alikataa. Aliyoyasema nilihadithiwa na mama yangu, naye alikuwa akicheka huku akihadithia: "Nikimsalimia, atakuwa tu kama watu wengine."

Sasa niseme kuhusu mwaka ule mbaya, maana usipoujua huo hutajua yeye ni nani.

Nekesa ni mwalimu. Alipata nafasi katika shule moja karibu kabisa na nyumbani kwao Malakisi, nafasi aliyoingoja kwa muda, na alitaka tuhamie huko sote. Mimi nilikuwa na duka langu Kitale, wateja niliowajenga mmoja mmoja, na sikuona nitauza nini Malakisi. Tukazungumza, tukazozana, kisha tukanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya. Likizo ilipofika alichukua watoto akaenda kwa mama yake. Zikiwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe, alinitumia ujumbe kwamba hatarudi Kitale. Nikitaka familia, naijua njia ya Malakisi.

Nilikaa ndani ya nyumba ile nikisikiliza friji. Nilijiambia kwamba mama mkwe ndiye aliyepanga yote. Nani asiyetaka binti yake na wajukuu wake uani kwake? Nilijua pia kwamba siwezi kwenda kumuuliza, maana nitaongea na nani? Nitaongea na mahindi?

Asubuhi moja simu ikalia, namba ya mama mkwe. Hakuwahi kunipigia.

"Niko Kitare," akasema. "Nyumba ya picha. Kuja." Akakata.

Nilimkuta kwenye ncha yake ya benchi, kola imesimama. Wanawake wa maharagwe walikuwa wamehamishiwa chumba kingine, na pale mbele yetu kulikuwa na picha mpya ya mtu na ng'ombe wake wawili kwenye lango la boma, mkono wake juu ya komeo. Nikakaa kule mwisho. Hakukuwa na njugu.

"Huyu mtu," akaiambia picha, "anaingia ama anatoka?"

Nikatazama. "Naona anatoka, mama."

"Mimi naona hajui. Amesimama hapo mpaka ng'ombe wamechoka. Angaria huyo mweusi, amerara."

Nikasema ni kweli, amelala. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nadhani aliisikia.

"Nekesa akirudi Marakisi, mtajenga wapi?"

"Amesema karibu na wewe."

"Karibu wapi?" Sauti ikapanda, ikagonga kuta za vyumba vyote vitatu. "Nikienda kuteka maji, wewe huyo. Nikienda kanisa, wewe huyo. Nikitoka choo, wewe huyo! Nitakuwa nikiingia kwa mahindi ya watu kila siku mpaka wanishike kama mwizi? Na wakishavuna, nitajificha wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa wiki kadhaa, na kicheko kilitoka kimechanganyika na machozi, nikajipangusa na mkono wa shati nikijua haniangalii. Hilo nalo ni zuri katika heshima yao: unaweza kulia karibu na mtu naye asione.

Alipoanza tena, aliongea polepole. "Mtoto wangu akae karibu, mimi nafurahi. Nisidanganye. Aliponiambia, niliimba. Nimekuwa peke yangu kwa hiyo nyumba muda mrefu. Halafu nikafikiria, huyu kijana akikuja kukaa hapo, mimi na yeye tutakuwa watu wa kukimbiana tu. Hatutasafiri tena. Hatutakaa hivi." Akagonga benchi kwa kifundo cha kidole. "Hapa tunaongea. Mimi na mume wangu hatukuongea hivi, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzuri rakini hakuwa na maneno."

Nilimtazama yule mtu wa kwenye picha.

"Tafuteni katikati," akasema. "Bungoma kuna shule. Bungoma pia ng'ombe wanakula. Nimeshamwambia Nekesa. Alinikasirikia, akasema mimi ni mama yake au ni mama yako. Nikamwambia anipe chai kwanza."

Kisha akainuka, akapangusa sketi yake, akatoka kwanza, kama kawaida, nami nikahesabu pumzi zangu mpaka nikasikia mlango wa nje.

Nekesa alikuja siku iliyofuata na watoto. Tulikaa jikoni mpaka chai ikapoa mara mbili. Aliniambia kwamba kilichomuumiza si kukataa kwangu, bali kwamba sikuwahi kumuuliza kwa nini anataka kwenda. Nikamuuliza. Alisema alitaka mama yake asizeeke peke yake. Basi tukapanga tukilijua hilo. Aliomba shule Bungoma, ilichukua muhula mmoja akapata. Duka la Kitale nilimwachia ndugu yangu tukawa washirika, nami nikafungua lingine dogo Bungoma, ambalo mwaka wa kwanza lilinitesa na sasa linanilisha. Kutoka kwetu hadi Malakisi si mbali. Kila Jumamosi Nekesa yuko kwa mama yake, na mimi hubaki na watoto, na Malakisi wanavuna mahindi yao kwa amani.

Mara ya mwisho tulikutana naye mwezi uliopita. Bungoma wamefungua jumba la sanaa katika ghala la zamani la pamba, na Nekesa alikuwa atupeleke wote wawili, lakini mkutano wa wazazi ulichelewa shuleni kwake, akatuma ujumbe tutangulie. Nilimkuta mama mkwe ameshafika. Amezeeka. Goti moja limekataa kukunjika, na anatembea akiegemea kila kinachoegemeka. Msimamizi, mwanamume wa makamo, alitufungulia, akatuambia hakuna mgeni mwingine aliyekuja tangu asubuhi, picha nzuri ziko juu, kisha akakimbia kununua chakula chake.

Juu. Ngazi ya mbao, imesimama wima kama ya kupandia dari, haina pa kushika.

Mama mkwe aliitazama. Nami niliitazama. Nikasema tunaweza kumngoja Nekesa.

"Nekesa anaongea na wazazi. Hao hawamariziki."

Alipanda ngazi ya kwanza peke yake, ya pili, na kwenye ya tatu goti likakataa. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili, mikono yangu imenyanyuka yenyewe ikaganda hewani. Hakuna mtu aliyekuwa akituona. Ningeweza kumshika kiwiko, na Malakisi nzima isingejua. Nadhani na yeye aliliwaza hilo, kwa sababu alibaki pale pale, mgongo wake ukiwa umenigeukia.

Kisha akajivua leso mabegani, akaikunja ikawa kamba, akajibana ukutani. "Pita," akasema, na alipofunga macho nikapita, nimejikunja upande wa pili kama nyoka. Akanirushia ncha moja. "Shika huko. Usiangarie nyuma. Vuta."

Nikavuta. Nilipanda nikitazama dari, leso imejizungusha kwenye ngumi yangu, nikisikia uzito wake wote ukinijia kupitia kile kitambaa, hatua moja, kisha nyingine.

"Poreporee! Unanivuta kama ndama wa mnada!"

"Pole, mama."

"Usiseme pore, vuta! Rakini poreporee!"

Katikati ya ngazi tulianza kucheka na ikabidi tusimame, maana mtu akicheka hana nguvu za kuvuta wala za kuvutwa. Nilihisi kicheko chake kikitetemeka kwenye leso kabla sijakisikia. Tulipofika juu tulikuwa tumelowa jasho kama watu waliolima.

Huko juu kulikuwa na picha moja iliyochukua ukuta mzima: soko la Ndalu siku ya mvua, watu wamejifunika magunia na makaratasi, kuku wamebanwa kwapani, na mama mmoja mnene amekaa juu ya mzigo wake wa kabichi kwa utulivu kama malkia. Benchi lilikuwa fupi. Mama mkwe akakaa ncha ile, mimi ncha hii, leso katikati yetu. Akaanza na mtu wa kwanza kushoto, huyu ameibiwa, huyu anamtafuta mke wake, huyu hana mke na hatafuti, nami nikaongeza wangu, na tulikuwa hatujafika hata kwa yule wa kabichi msimamizi aliporudi na kupanda ngazi, mdomo bado unatafuna.

"Mama, nilitaka kufunga kidogo," akasema. Akanitazama, akatabasamu. "Huyu ni kijana wako?"

"Huyu ni mkwe wangu," mama mkwe akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Yule mtu, ambaye ni wa huko huko, aliacha kutafuna. Akatazama benchi, akatazama leso, akatutazama sisi wawili na nyuso zetu zilizoelekea ukutani.

"Mkwe," akarudia.

"Mkwe," akasema mama mkwe, akiliambia soko. "Na hatujamariza."